Yule mwalimu wa India, na kuku wangu aliyekuwa ngoko

Juzi usiku kwenye grupu letu la walimu wa darasa la kwanza na la pili kuna mtu katupia picha ya yule mwalimu wa India aliyeshinda dola milioni moja za tuzo ya mwalimu bora wa dunia (Global Teacher Prize), picha ya zamani tu ya 2020, afu chini kaandika "na sisi lini?" Basi. Grupu likachafuka. Mmoja kaanza na malimbikizo yake, mwingine madaraja, mwingine kauliza hiyo milioni inakatwa kodi au haikatwi, mpaka admin akaomba tulale. Mimi nilikuwa nasonga ugali nikaiacha simu juu ya ndoo, ila nilivolala usingizi haukuja, kwa sababu mtu huyo namjua hadithi yake na katika meseji zote zile mia na kitu hakuna hata mmoja aliyegusa kitu alichokifanya darasani. Wote tuliongelea hela. Na mimi ndo nlikuwa na cha kusema kuliko wote maana yaliyompata yeye na mimi yalinipata, tofauti ni kwamba yeye aliyaelewa mapema na mimi nilichukua miaka mitatu na nusu.

Anaitwa Ranjitsinh Disale. Kwanza niseme nilichokipenda kabla ya yote: huyu bwana hakutaka ualimu. Alitaka kuwa injinia wa kompyuta, akaenda chuo cha uinjinia, mambo hayakwenda alivotarajia, baba yake ndo akamshauri ajaribu ualimu. Yani ni wale wale wetu, ualimu wa kukosa. Mimi nilikosa unesi. Kwa hiyo mtu akikwambia mwalimu bora lazima awe na wito toka tumboni mwa mama yake mwangalie tu, usimjibu.

2009 akafika kwenye kijiji kinaitwa Paritewadi, wilaya ya Solapur, jimbo la Maharashtra. Shule ni ya Zilla Parishad, ambayo kwa lugha yetu hapa ungesema shule ya halmashauri, ya msingi, ya umma kabisa. Alikuta jengo bovu limebanwa katikati, huku zizi la ng'ombe huku stoo. Watoto wenyewe hawapo. Wasichana wengi wanatoka kwenye jamii za asili ambako kumsomesha binti si jambo la kwanza na kuozwa mapema ni kawaida, kuna wakati mahudhurio ya wasichana yalikuwa yanashuka hadi asilimia 2. Mbili jamani. Sisi huku msimu wa kuvuna pamba tukibaki na nusu ya darasa afisa elimu kata anatuandikia barua.

Ila kilichonigusa ni kitu kingine. Vitabu vilikuwa kwa Kimarathi, ndo lugha ya jimbo. Watoto nyumbani wanaongea Kikannada, kwa sababu Solapur iko mpakani na jimbo la Karnataka na watu wa lugha ile wamejaa upande huu. Sasa mtu wa kwetu anaweza kudhani ah lugha za India zote si zinafanana, hapana, hizi mbili hata ukoo si mmoja, na maandishi yake ni tofauti kabisa, ya Kikannada yameviringana viringana kama kamba iliyowekwa chini. Maji kwa Kimarathi ni pani, kwa Kikannada ni niru. Mama ni aai huku, amma kule. Mtoto wa miaka sita unamfungulia ukurasa wa kwanza unamwambia soma, na neno lililo pale chini ya picha hajawahi kulisikia likitoka mdomoni kwa mama yake hata siku moja.

Nilivosoma hapo nilisimama, nikaenda kunywa maji.

Mimi ni mtu wa Pangani. Tanga huko, pwani, Kiswahili tumenyonya. Nilimaliza chuo na cheti changu cha daraja A, 2012 nikapangiwa Simiyu, na nilifika na mabegi mawili na kiburi kimoja kikubwa sana cha lugha. Sisi watu wa pwani tuna huo ugonjwa, mtu akisema "nyie mnakulaga" tunamcheka kabla hajamaliza sentensi. Nikapewa darasa la kwanza. Watoto wote Wasukuma, wengi wanatoka maboma ya mbali ambako Kiswahili ni cha redio na cha mtu wa serikali. Kwenye ukuta wa ofisi tulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, anayesikika akiongea kilugha anakivaa shingoni mpaka amkamate mwenzake. Sikukileta mimi. Ila niliking'arisha, nilikipaka rangi mpya mimi mwenyewe na hela yangu, nikaona nimefanya la maana.

Kulikuwa na mtoto, nimwite Shija, sio jina lake. Siku ya kupima kusoma nikashika kadi yenye picha ya kuku na silabi zake chini, ku, ku. Nikamwambia soma. Akaangalia picha. Akasema "ngoko."

Nikasema soma kilichoandikwa. Akaangalia tena, akanitazama mimi, kama mtu anayejiuliza huyu madam mbona haoni, akasema kwa sauti zaidi "ngoko!"

Darasa wakacheka. Walicheka kwa sababu mimi nilicheka. Nikamvalisha kibao, kwenye orodha nikaandika hajui, na jumatatu iliyofuata Shija hakuja wala jumanne wala wiki ile.

Ngoko ni kuku. Ni kuku tu kwa Kisukuma. Mtoto alikuwa amepata, alijua kwamba ile alama iliyopo chini ya picha inasema jina la kitu kilichopo kwenye picha, na hilo ndo jambo gumu kuliko yote katika kuanza kusoma, mengine ni mazoezi. Alikosea lugha tu. Mimi nilikuwa na andalio la somo, zana, lengo mahususi, kila kitu, na sikuliona hilo.

Nilikuja kumkuta miezi kadhaa baadaye lamboni na mbuzi. Nikamsalimia, akakimbilia nyuma ya kichaka, baadaye akatoka. Nikamuuliza mbuzi wako wangapi, kwa Kiswahili, akanyamaza. Nikaanza kuhesabu mwenyewe kwa kidole kama mjinga, nikapata 37, nikarudia nikapata 39, mbuzi hawatulii wale. Yeye akaangalia kundi mara moja, hakuhesabu, aliangalia tu kama wewe unavyoangalia sahani ya chakula ukajua hapa hakuna kijiko, afu akaanza kwenda upande wa mabondeni. Kulikuwa hakuna mmoja. Akarudi naye, wa madoadoa. Na huyu kwenye orodha yangu ya KKK, yani kusoma, kuandika na kuhesabu, nilimwandika hawezi K ya tatu, kuhesabu.

Turudi India. Huyu Disale alichofanya ni kwamba kwanza akajifunza lugha yao. Mimi hapo ndo napiga mstari. Kabla ya kompyuta, kabla ya tuzo, mwalimu alikaa chini akawa mwanafunzi wa watu ambao alitumwa kuwafundisha. Afu akavichukua vile vitabu vya darasa akavitafsiri kwenye lugha ya watoto, na hakuishia hapo, kila somo akaliwekea QR, ile picha ya miraba miraba unayoskani ukilipa lipa namba dukani (mume wangu nilimwambia kodi za QR akadhani ni TRA wameanza kitu kipya), mtoto akiskani kwa simu ya mzazi anapata shairi linasomwa kwa sauti, video ya somo, hadithi, zoezi. Kwa hiyo binti hata asipokuja shule kwa sababu zozote zile somo linamfuata nyumbani, na mama yake aliyekuwa hajui kusoma anasikia pia, kwa lugha anayoielewa. Hilo la mama nalisema mimi, ila mtu yeyote aliyewahi kuishi kijijini anajua simu ya nyumba moja ikipiga kelele inasikilizwa na nyumba tano.

Matokeo yakaja. Mahudhurio ya wasichana yakafika asilimia 100, ndoa za utotoni hapo kijijini zikawa hazisikiki, na mwaka mmoja shule ikatajwa kuwa bora wilayani, asilimia 85 ya watoto wakapata A. Binti mmoja wa kijiji akamaliza chuo kikuu. Serikali ya jimbo ikaona, 2017 ikatangaza vitabu vyote vya darasa la 1 mpaka la 12 viwekewe QR, 2018 serikali kuu nayo ikaja na hilohilo kwa vitabu vya taifa.

Na hapa nina neno. Serikali ilibeba QR. Kila anayeandika habari yake anaandika QR, kichwa cha habari QR, hata kwenye grupu letu yule aliyejua jua kidogo alisema "ni yule wa QR". Sikatai, ni ubunifu mkubwa. Lakini QR iliyobandikwa kwenye kitabu cha lugha usiyoijua inakupeleka kwenye video ya lugha usiyoijua. Kile kitu cha kwanza, cha mwalimu kujifunza niru na amma, hicho hakichapishwi kiwandani, na sijaona waraka wa nchi yoyote unaosema mwalimu mgeni apewe miezi mitatu ya kukaa kijijini ajifunze lugha kabla ya kukabidhiwa chaki. Tunapewa siku chache za kuripoti, nauli yenyewe unaisubiri.

Wasomi walishalipa jina jambo hili zamani. Marekani kuna profesa Gloria Ladson-Billings, katikati ya miaka ya 1990 aliandika kuhusu ufundishaji unaoanzia kwenye utamaduni wa mtoto. Nilichompendea ni alivolianza swali. Wenzake walikuwa wanauliza hawa watoto weusi wana kasoro gani mbona wanafeli, yeye akaenda akatafuta walimu wanane ambao watoto weusi walikuwa wanafaulu mikononi mwao, akakaa nao akaangalia wanafanya nini. Alikuja na maneno mengi mazuri, ila mimi nikisoma naona tu ngoko. Mtoto anakuja na kitu mkononi, swali ni kama unakipokea au unampiga aanguke nacho.

Tarehe 3 Desemba 2020 ndo jina likatangazwa, mambo ya korona yale kwa hiyo sherehe ilikuwa ya mtandaoni, yule mwigizaji wa Uingereza Stephen Fry akatangaza kutoka jumba la makumbusho ya viumbe London, na Disale yuko kwao na wazazi wake, ukiangalia ile video wanashangilia kama sisi goli la dakika ya tisini. Walipendekezwa walimu zaidi ya 12,000 toka nchi zaidi ya 140. Afu akiwa bado hajapoa akasema nusu ya hela anawapa wale tisa aliofika nao fainali, wagawane sawa. Kila mmoja akapata dola 55,000 na ushee, kwa bei ya wakati ule ni zaidi ya milioni 120 za kwetu. Alisema walimu wanabadilisha maisha ya watoto kwa mchanganyiko wa chaki na changamoto. Alisema kwa Kiingereza lakini angalia linavyokaa kwenye Kiswahili utadhani alizaliwa Tanga huyu.

Kati ya hao tisa kuna mmoja mimi ndo ningemkumbatia, Samuel Isaiah wa Malaysia. Naye wa shule ya msingi, Pahang huko, watoto wa Orang Asli, wenyeji wa asili wa misitu ile. Watu walimwambia watoto hawa hawafundishiki. Akaingia darasani na kigitaa kidogo kile cha nyuzi nne, ukulele, akafundisha Kiingereza kwa kuimba, kwa sababu watoto wale kuimba ndo nyumbani kwao. Ningekuwa na sauti ningefanya hivo, sauti yangu lakini ni ya kupigia kengele tu.

Kuna mtu atasema mbona humtaji Mkenya. Namtaja. Mwaka mmoja kabla, 2019, tuzo hiyo hiyo alichukua Peter Tabichi wa Njoro, Nakuru, mtawa wa Kifransisko, aliyekuwa anatoa sehemu kubwa ya mshahara wake kwa masikini, na siku ile grupu zetu zote zilijaa, Afrika Mashariki oyee. Lakini yeye ni wa sekondari, sayansi na hesabu, na mwaka uliofuata alivoshinda mtu wa darasa dogo wa lugha ya nyumbani hakuna aliyetuma hata kopa. Walimu wa wadogo tumezoea. Mtu akisema "anafundisha la kwanza" anasema kama anamaanisha anawafuta makamasi, na kweli tunawafuta.

Nisimchore kama malaika pia. Baada ya tuzo maisha hayakuwa mteremko. 2022 akaingia kwenye mvutano na ofisi ya elimu ya wilaya yake, aliomba ruhusa aende Marekani kwa ufadhili wa Fulbright, yakaibuka maneno ya kwamba hakuwa anaonekana kwenye kituo alichohamishiwa, yeye akakataa, mwishoni akaandika barua ya kujiuzulu. Mimi siko pale, siwezi kusema nani ana haki. Ila mwalimu yeyote anajua, ukipewa cheti jukwaani shuka haraka uangalie nani hapigi makofi.

Mimi sina tuzo. Nina michembe. Nilivotoka lamboni siku ile nilienda kwa mama mmoja anayeuza michembe na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa, pale senta, nikamwambia mama nifundishe Kisukuma, kwa siku maneno matano, na mimi nitanunua kila siku. Alicheka mpaka akakaa chini. Siku ya kwanza akanipa mwangaluka mayu, nikaitamka kipwani akaniambia hivo unavosema mayu unamsalimia mama wa nani, rudia, nikarudia mbele ya wateja wote mara nane. Pale ndo nilijua kinachompata Shija. Mtu mzima mwenye cheti, nimesimama kwenye vumbi nacheka kwa aibu huku jasho linanitoka, na huyu mama ananipenda na ananiuzia, hajanivalisha chochote shingoni.

Wiki ile ile kibao nilikichoma jikoni, kilipika maharage vizuri maana ni mninga. Walimu wenzangu walikitafuta muhula mzima, na kama kuna mmoja wao anasoma hapa, ndo hivo tena.

Darasani sikufanya makubwa. Nilinunua karatasi ya manila na maka peni, nikachora kuku, mbuzi, maji, namba, kila picha ina maneno mawili, kuku ngoko, mbuzi mbuli, maji minzi, moja imo, mbili ibili, tatu idatu. Watoto walivoona imo na idatu zimekaa ukutani karibu na moja na tatu walinyamaza, afu mmoja akasema kwa mshangao kabisa "madam, kumbe kinaandikwaga!" Na mimi hiyo kinaandikwaga sikuisahihisha. Na lugha hizi ni ndugu, mbuzi na mbuli, mbili na ibili, mtoto akionyeshwa daraja anavuka mwenyewe hata hujamshika mkono, si kama wale wa Disale ambao daraja lenyewe ilibidi lijengwe toka chini. Ndo maana kwangu ilikuwa aibu zaidi, mto wenyewe ulikuwa wa kurukia.

Naomba nisieleweke vibaya, sisemi Kiswahili kiondoke. Kiswahili ni changu, nakipenda kupita kiasi, na shule ya msingi kufundisha kwa Kiswahili ndo kilichotufanya mimi wa Pangani na mama wa michembe tukaelewana hata siku ile ya kwanza. Kwangu ni maziwa ya mama lakini, kwa Shija ni somo. Nilichokosea ni kudhani sote tulikinyonya.

Shija alirudi. Nilienda mwenyewe kwao jumamosi, nikamsalimia babu yake kwa Kisukuma changu cha kuokota, babu akaita watu waje wasikie. Akaanza tena la kwanza na wadogo zake. Sa hivi ni mkubwa, ana bodaboda, akinipita stendi ananipigia honi na kuniita "Madam Ngoko", na abiria wake hawaelewi kwa nini nacheka.

Ile manila ina stori yake. Siku moja alikuja mthibiti ubora wa shule, mkaguzi yani, akaisoma juu mpaka chini, akaniuliza hii iko kwenye muhtasari ukurasa wa ngapi. Sikuwa na ukurasa. Nikaambiwa niitoe. Nikaitoa pale mbele, ni kweli niliitoa, nikaibandika nyuma ya mlango ambapo mlango ukiwa wazi haionekani. Huku kwetu madarasa ni bati tupu bila dari, saa tano mnakaangika, shule nzima milango na madirisha yanapepea. Darasa langu tu ndo watoto wanaomba mlango ufungwe.